Jina la Mafia, na Maneno Yafananayo Nalo

Leo hatuna habari za kilimo wala za maradhi ya mifugo. Tunataka kusema juu ya neno moja tu, neno ambalo mtu wa Kibiti na mtu wa delta ya Rufiji hulitaja kila siku, kwa kuwa ni jina la kisiwa kinachotukabili ng'ambo ya maji: Mafia.

Siku moja tulikuwa Nyamisati tukingoja maji yajae, ili boti ya Kilindoni ipate kutoka. Abiria walikuwa wengi, na magunia ya mchele na madumu yalikuwa yamekwisha pangwa pwani. Karibu nasi alikaa mzee mmoja, na mbele yake kijana wa shule, na kando yao mama mmoja aliyekuwa akipika uji wa kuuza. Kijana akamwamkia mzee, kisha akasema, "Babu, mimi nimesoma na mwenzangu wa Kilindoni. Siku ya kwanza mwalimu alipomwuliza kwao ni wapi, akajibu kwamba ni Mafia, darasa zima likacheka. Tangu siku ile wakamwita Jambazi. Mwisho alichoka, akawa akiulizwa husema kwao ni Kibiti. Je, babu, ni kweli kwamba jina hili lilitoka kwa wale majambazi wa Kitaliani?"

Mzee akasema, "Hasha, mjukuu wangu! Mafia ni mahali pa afya. Watu waliougua huku bara walikuwa wakivushwa kwenda kupunga upepo, wakarudi wazima."

Yule mama hakuinua uso. Aligonga jiwe la meko kwa mwiko wake, akasema, "Nyote mmekosa. Mafya ni haya hapa, na yako matatu."

Watu wakacheka, na mara ile nahodha akaita. Lakini sisi hatukuweza kuyasahau maneno ya yule kijana. Mtu kuficha kwao kwa sababu ya sauti ya neno si jambo dogo. Kwa hiyo tuliona yafaa tuyapime majibu yote matatu, moja baada ya moja, kama mwenye duka apimavyo mchele.

Tuanze na Wataliani. Kusini ya nchi ya Italia kipo kisiwa kikubwa kiitwacho Sicilia, na mji wake mkubwa ni Palermo. Mwaka 1863 palichezwa huko mchezo wa kuigiza ulioitwa I mafiusi di la Vicaria, uliotungwa na Giuseppe Rizzotto na Gaspare Mosca. Vicaria lilikuwa gereza la Palermo, na mchezo ule ulionyesha maisha ya wafungwa waliokuwa na chama chao na sheria zao mle ndani. Mchezo ukapendwa mno, ukachezwa miji mingi, na neno likapata mabawa. Miaka miwili baadaye, yaani 1865, mtawala wa Palermo aliyeitwa Filippo Gualterio aliwaandikia wakubwa wake juu ya watu wabaya wa jimbo lake, naye akalitumia neno hilo, ila yeye aliliandika kwa F mbili.

Kabla ya hapo neno halikuwa na ubaya mwingi hivyo. Giuseppe Pitrè, tabibu wa Palermo aliyekusanya mila na hadithi za watu wake, aliandika mwaka 1889 kwamba katika mtaa mmoja wa mji ule neno hili lilikuwa na maana ya uzuri, na madaha, na ukamilifu. Msichana aliyependeza aliitwa kwa neno hilo, na nyumba iliyofagiwa na kupangwa vema pia. Yatupasa kusema kwamba Pitrè alikuwa mtetezi mkubwa wa watu wa kwao, na mtetezi huona jema kwanza. Hata hivyo, ni wazi kwamba neno lililoanza kwa majivuno na ushujaa lilishuka ngazi likafika kwenye unyang'anyi. Mwaka 1982 liliingia katika sheria za jinai za Italia, nayo sheria ikasema nani ni mtu wa chama cha namna hiyo. Na ajabu ni kwamba wenye chama wenyewe hawalipendi. Tommaso Buscetta, aliyekuwa mmoja wao, aliwaambia mahakimu mwaka 1984 kwamba wao kwa wao hujiita Cosa Nostra, maana yake ni "Jambo Letu". Basi hata huko Sicilia neno hili ni la kuitwa, si la kujiita.

Sasa turudi kwetu. Kiko kitabu cha habari za wafalme wa Kilwa, kilichotungwa kwa Kiarabu katika karne ya 16. Chasema ya kwamba mwana wa mfalme wa kwanza wa Kilwa alitawala kisiwa hiki kinachotukabili, na jina la kisiwa limo humo. Mreno aliyeitwa João de Barros naye alizipata habari za wafalme hao, akazipiga chapa katika kitabu chake mwaka 1552, na jina la kisiwa limo humo pia. Toka 1552 hata 1863 ni miaka 311. Wakati watu wa Palermo walipokuwa wakiushangilia mchezo wao wa gerezani, jina la kisiwa chetu lilikuwa limekwisha kaa katika vitabu zaidi ya karne tatu. Mtoto hawezi kumzaa babu yake. Kijana wa Kilindoni na alijue hilo kwa tarehe zake, na akichekwa tena azitaje.

Hapo jibu la kwanza limeanguka. Je, jibu la mzee? Hili ni gumu zaidi, kwa sababu ni jibu la heshima na linapendeza sikio. Lakini tazameni jinsi jina lilivyoandikwa zamani. Mwarabu aliandika kwa mimu, nuni na fe, kama kusema Manfia. Mreno aliandika Monfia, na ramani nyingi za Wazungu ziliendelea kuandika Monfia mpaka karne ya 19. Wawili hao hawakuwa wa lugha moja wala wa dini moja, lakini wote wawili waliisikia N. Katika neno afya hamna N.

Tena iko hoja ya pili, nayo wale waliosoma chuoni wataielewa upesi. Neno afya ni la Kiarabu, na kwa Kiarabu huanza kwa herufi ya aini. Mwandishi wa Kilwa alikuwa mtu aliyeijua lugha ile na herufi zake. Kama yeye na watu wa zama zake wangelifahamu kwamba jina la kisiwa latokana na afya, asingelikosa kuiandika aini. Hakuiandika.

Mtu aweza kuuliza, hiyo N ilikwenda wapi? Haikuibwa. Katika maneno yetu ya asili ya Kibantu hatuoni N imesimama mbele ya F. Twasema ndizi, twasema ngoma, twasema njia, na N yasikika. Lakini twasema fimbo, twasema fisi, wala hatusemi nfimbo wala nfisi, ijapokuwa maneno haya ni ya ngeli ile ile. N ikifika mbele ya F huzama. Kwa hiyo Manfia kuwa Mafia katika kinywa cha Mswahili ni jambo la kawaida kabisa.

Wako tena watakaosema kwamba katika Kiarabu kuna neno manfiya, na maana yake ni mwanamke aliyehamishwa kwao kwa nguvu. Basi huenda kisiwa kilikuwa mahali pa kupelekea watu waliofukuzwa. Neno hilo lipo kweli katika Kiarabu. Lakini tuwe na hadhari. Mwandishi akisikia jina geni hulivika nguo anazozijua, na nguo si mwili. Wataalamu hawajapatana juu ya maana ya kwanza ya jina la kisiwa, na sisi hatutajifanya waamuzi.

Watu hawapendi jina lisilo na maana. Wakikosa maana hulikata jina vipande, wakakifanya kila kipande kuwa neno. Unguja wako wasemao kwamba ni "ungu jaa". Mafia husemwa ni "mahali pa afya". Na msidhani ya kwamba ni sisi peke yetu tufanyao hivyo, maana Wataliani wamefanya vivyo hivyo kwa neno lao. Mwaka 1282 watu wa Palermo waliwaasi Wafaransa waliokuwa wakiwatawala, wakawaua wengi. Basi ikazuka hadithi kwamba siku zile watu walipeana ishara ya maneno matano, Morte alla Francia Italia anela, yaani "Italia ina shauku ya mauti kwa Ufaransa", na kwamba herufi za mwanzo za maneno hayo, M, A, F, I, A, ndizo zilizozaa neno. Hadithi tamu! Lakini neno lilipata kuonekana miaka 581 baada ya maasi yale. Ishara gani hiyo iliyofichwa karibu karne sita, isiandikwe hata na adui?

Na hapa pana jambo ambalo lilitustaajabisha sisi wenyewe. Waarabu waliingia Sicilia mwaka 827, na mji wao wa mwisho ulichukuliwa na Wanormani mwaka 1091. Katika zaidi ya miaka 260 waliacha maneno mengi katika lugha ya kisiwa kile. Kwa hiyo baadhi ya wataalamu wamelitafutia neno la Kitaliani asili ya Kiarabu, na moja ya maneno yaliyotajwa ni muafa, maana yake mtu aliyeepushwa na dhara, au aliyesamehewa. Muafa ni wa mzizi ule ule wa afya, mzizi uliotupa sisi afua na afueni. Mwaona! Mzee wa Nyamisati, asiyepata kuiona Sicilia, na mtaalamu wa Ulaya, asiyepata kuiona Nyamisati, kila mmoja alilishika neno la kwao, wakakutana kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu.

Mtu mwenye haraka atasema, "Basi neno ni moja!" Nasi twasema, polepole. Kukutana kwa makisio mawili si kukutana kwa maneno mawili. Kisio la mzee limekwisha pingwa na N na aini. Kisio la mtaalamu nalo lina makisio mengine mengi yanayoshindana nalo, hata maneno mengine ya Kiarabu ya mizizi mbalimbali, na pengo la miaka zaidi ya 700 kati ya kuondoka kwa utawala wa Waarabu na siku neno lilipoandikwa. Ukifunga kamba mbili zilizooza, hupati kamba moja imara.

Sasa twamfikia yule mama wa uji, aliyesema kwa mzaha, nasi twakiri kwamba jibu lake ndilo lililotufunza zaidi. Mafya ni Kiswahili safi. Jiwe moja ni jifya, mengi ni mafya. Na wengi wetu husema figa na mafiga. Ni yale mawe matatu ya kuinjikia chungu au sufuria. Je, neno hili nalo lina ndugu nje ya kwetu? Linao, na ndugu zake hawajifichi.

Nenda kwa Wakikuyu, katika nchi ya Kenya. Huko mawe ya meko ni mahiga, na neno hilo hilo hutumika kwa mawe yoyote. Nenda Uganda kwa Waganda. Huko mawe ya meko ni amasiga, nao wamelipandisha cheo, maana tawi kubwa la ukoo wao huitwa ssiga, kama kusema ukoo ni chungu na matawi ndiyo mawe yanayouchukua. Figa, higa, siga. Msikilizaji atasema, "Lakini haya hayafanani! Moja lina F, moja H, moja S. Mafia na Mafia ndiyo yafananayo hasa."

Hapo ndipo penye siri ya kazi hii. Chukua neno jingine lisilohusu jiko kamwe, yaani figo, kile kiungo kilicho ndani ya mwili. Kwa Kikuyu figo ni higo. Kwa Kiganda ni nsigo. Tazama tena: figa, higa, siga; figo, higo, nsigo. Pale sisi tunapotia F mbele ya I, Wakikuyu hutia H na Waganda hutia S, katika neno hili na katika lile pia. Hata sisi tusemapo ficha, Mkikuyu husema hitha. Haya si mambo ya bahati. Bahati haifuati mstari. Zamani sana lugha hizi zilikuwa lugha moja. Watu wakatawanyika, na kila kundi likageuza sauti zake kwa kawaida yake. Kwa hiyo maneno yasiyofanana sikioni yameonekana kuwa ndugu wa tumbo moja, na yale yaliyofanana sawasawa yameonekana kuwa wapita njia waliovaa kanzu za rangi moja.

Ikiwa mfano huo hautoshi, tunao mwingine hapa hapa mlangoni petu, katika neno delta lenyewe. Mto Rufiji ukikaribia bahari hugawanyika ukawa mito mingi, na kati ya mito hiyo ndipo penye mikoko na mashamba ya mpunga. Mahali pa namna hiyo huitwa delta. Neno hili ni la Kiyunani, nalo ni jina la herufi yao ya nne, iliyoandikwa kama pembe tatu. Wayunani waliiona nchi ya chini ya mto Nile, huko Misri, ina sura ya pembe tatu, wakaiita kwa jina la herufi. Na Herodotus, aliyeishi karne ya 5 kabla ya Kristo, aliitaja hivyo katika kitabu chake. Kutoka Nile jina likaenda kwa mito mingine ya dunia, likafika hata Rufiji.

Lakini Wayunani hawakuzibuni herufi zao. Walizipokea kwa Wafoinike, wafanyi biashara wa baharini waliokaa pwani ya Shamu. Herufi hii kwa Wafoinike ilikuwa daleti, na maana yake ni mlango. Herufi hizo za Kifoinike zilichukua njia ya pili pia: zilipita kwa Waaramu, na kwa mkono wao zikawafikia Waarabu. Huko daleti ikawa dali.

Ndiyo, dali ile ile ambayo mtoto wa delta huitamka chuoni kila siku, akiyumba-yumba mbele ya mwalimu wake, ni ndugu wa jina la nchi anayoikalia. Delta na dali hazifanani sana, lakini ushahidi upo, na wazee waijuao hesabu ya abjadi watatushuhudia. Katika abjadi alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, na dali ni 4. Kwa Wayunani alfa ni 1, beta ni 2, gamma ni 3, na delta ni 4. Herufi zilisafiri njia mbili kwa miaka elfu na zaidi, zikabadili sura na lafudhi, lakini hazikusahau namba zao.

Na kwa kuwa manahodha wetu nao huita njia ya mto kuingilia baharini "mlango", yuko atakayeruka hapa na kusema kwamba Wafoinike walifika Rufiji. Tafadhali asiruke. Kila mwenye macho akiona mahali pa kuingilia hufikiri mlango. Fikira hiyo haihitaji kuletwa na jahazi.

Basi yule kijana wa Kilindoni tungemwambia nini, kama angekuwapo siku ile Nyamisati? Tungemwambia kwamba jina la kwao limeandikwa pamoja na majina ya wafalme wa Kilwa, na kwamba kisiwani Juani, ndani ya wilaya ile ile ya Mafia, magofu ya Kua yamesimama mpaka leo, na mtu aweza kuyagusa kwa mkono wake. Tungemwambia pia kwamba wanaomcheka wanalijua neno moja tu, na yeye sasa anayajua matatu.

Nasi tunalo ombi moja. Katika delta na katika Kibiti yote wako Wandengereko, na Warufiji, na Wamatumbi, na wengine waliohamia. Ninyi wanafunzi, mkirudi nyumbani jioni hii, waulizeni bibi zenu mawe ya meko huitwaje katika lugha ya kwenu, na figo huitwaje. Yaandikeni maneno yote mawili katika mstari mmoja, kama mlivyoyasikia, pasipo kuyanyosha yafanane na Kiswahili. Kisha mtazame herufi iliyo mbele ya I katika neno la kwanza, na herufi iliyo mbele ya I katika neno la pili.